Shubaka la Mwisho

Jumamosi ile duka la kusafisha picha lilifurika watu mpaka mlangoni. Fundi mwashi, suruali yake ya kazi imetapakaa chokaa, alikuja kuchukua picha ndogo za fomu ya ndoa. Mbele yake akaliona gauni la njano analolijua: mchumba wake, mpiga picha. Akanyata amzibe macho kwa utani. Ndipo alipoiona picha kubwa ambayo mchumba alikuwa akiikunjua mezani, na damu ikamchemka.

Ni handaki la makaburi chini ya mji, lile analolikarabati fundi mwenyewe. Mashubaka ya kuzikia yamepangana gizani, ila la mwisho linawaka mwanga. Jina la mama yake linasomeka herufi kwa herufi.

"Uliniahidi!" alifoka. Watu wakageuka. "Piga picha makaburi yote, ila si la mama!"

"Mpenzi, punguza sauti."

"Usiniite mpenzi! Unampeleka mama yangu kwenye maonyesho akakodolewe macho na watu wenye glasi mkononi?"

Bibie naye hakuwa wa kukaripiwa akanyamaza. "Na aliyemmulika nani? Nilikwambia kamera itakaa wazi dakika kumi ikinasa kila unapomulika, tembea na tochi, ukifika kona urudi. Kule mwisho ni giza, bila tochi hapatokei kitu. Huyu ni nani?"

Kidole chake kiligusa kivuli cha mtu kando ya shubaka. Fundi aliyatambua mabega: yake mwenyewe.

"Nilisahau kamera," alisema, bado kwa ukali. "Nilikuwa namweleza mama habari ya harusi."

"Unamweleza yeye! Mimi mwaka mzima nakuuliza habari za mama yako, unanijibu achana nayo. Mpaka nijulie kwenye picha?" Machozi yalimlengalenga, na hilo likazidi kumuudhi. "Ndiyo, nilipaswa kukuuliza kwanza. Nimekosa. Lakini sijawahi kupiga picha nzuri kama hii."

"Ikitundikwa Jumatatu kwenye maonyesho yako, hakuna ndoa. Baba hatanisamehe."

"Basi mpigie. Sasa hivi, nisikie."

Akapiga, akaeleza yote kwa pumzi moja.

"Jina linasomeka?" mzee akauliza upande wa pili.

"Linasomeka, baba."

"Miaka sita magoti haya yamekataa zile ngazi za handakini. Nyie mnasimama dukani mnagombana? Ileteni nyumbani. Mje wote wawili."

Fundi alishusha simu. Hasira bado ilikuwamo kifuani, ila hakuwa tena na mtu wa kumtupia. "Nisamehe, mpenzi."

"Sijakusamehe." Bibie alikuwa ameshaanza kuikunja picha, midomo imembenuka. "Jumatatu ukuta mmoja wa maonyesho utabaki mtupu, watajua wenyewe. Shika upande huo. Taratibu! Na usinishike mkono, bado nina hasira na wewe."