Alicheka Mbele ya Jeneza

— Huyo mchumba wako asikanyage tena kwangu, mama alisema. Mtu mzima anacheka mbele ya jeneza la mume wangu!

Binti yake, fundi cherehani, aliendelea kukunja kanga za msiba. Ni kweli, mchumba wake, yule seremala, alicheka, tena kwa sauti, baba hata hajafukiwa. Aibu ya mwaka! Lakini binti huyu si wa kumeza kitu bila kutafuna. Pale kaburini alisimama ubavuni mwa seremala, akayaona yale macho hayana furaha hata chembe, na mkono wa kushoto unachezacheza wenyewe.

Kesho yake akamfuata karakana. Seremala hakuinua uso kwenye randa.

— Kicheko kinanijia tu, wala sikiiti. Shuleni nilichapwa mpaka walimu wakachoka. Tafuta mwanamume mwenye adabu.

— Adabu baadaye. Kwanza daktari.

Akakataa katakata. Basi fundi akahamishia cherehani yake palepale karakana, akashona huku simu iko tayari. Siku ya tatu kicheko kikaja, akakirekodi chote. Seremala alipojiona kwenye video, akaweka randa chini, akakubali kwenda hospitali.

Daktari aliitazama video ile bila kutabasamu, akaagiza picha ya kichwa. Majibu yalipotoka akawaeleza taratibu: ndani kabisa ya ubongo kuna uvimbe mdogo, wa aina adimu. Si saratani, ila ndio unaomletea kifafa, na kifafa chake hutoka kwa sura ya kicheko. Upasuaji unawezekana, lakini kumbukumbu inaweza kuguswa.

Jioni ujumbe wa seremala ukaingia kwenye simu ya fundi: "Naweza kuamka nisikujue. Nimekuacha huru. Usinipigie."

Fundi akamjibu palepale: "Ukiamka hunijui, utaambiwa mimi ni mkeo. Ndoa Jumamosi, upasuaji Jumatatu. Kanyoe ndevu."

Kisha akaenda kumwonyesha mama ile video na kumweleza yote. Mama akaitazama mara mbili, akamrudishia simu, akasema ataona kama atakuja harusini.

Jumamosi alikuja, akakaa kiti cha mwisho kabisa. Msajili wa ndoa akamuuliza seremala kama anamkubali huyu awe mkewe. Seremala akafungua mdomo, kikatoka kicheko.

Watu wakaguna. Shangazi akanong'ona kwamba mzaha huu sasa umepita kiasi, na msajili akafunga kitabu chake. Fundi akaushika ule mkono wa kushoto, asiuachie. Ndipo kiti cha nyuma kikasukumwa.

— Fungua kitabu, baba, mama akamwambia msajili. Mwanangu anaumwa, hana dharau na mtu. Tutamsubiri.

Wakasubiri wote mpaka kicheko kikakatika. Seremala akafuta jasho, akauliza kwa sauti ndogo wamefika wapi.

— Umeulizwa kama unanitaka, fundi akamwambia.

— Nakutaka. Hilo sina haja ya kukumbushwa.

Msajili akauliza shahidi wa upande wa bwana harusi ni nani. Mama alikwisha kufika mezani, anaomba kalamu.