Pilipili Kwenye Maji ya Kunawa

Jumapili baada ya misa, nyumba nyingi za mtaa wa Naviundu hunukia samaki na bukari, ugali wa huko. Kwa kina Abigaïl, pilipili ni kazi yake. Siku hiyo alizipasua kwa mikono mitupu, akatoa mbegu, akazitwanga na chumvi. Alipomaliza, viganja vilimwaka moto. Sabuni ilikuwa ndani, lakini uvivu ulimshika miguu. Akasuuza mikono katika beseni lililowekwa mlangoni, lile wanalonawia wote kabla ya kula. Maji yalionekana safi vilevile, naye akajiambia hakuna neno.

Mama yake, Mama Marceline, akatoka na Kiki, mtoto wa miaka miwili, uso umejaa vumbi. Akachota maji ya beseni, akamwosha uso. Kiki akapiga yowe, akajikunja, macho ameyafumba kabisa.

"Ni ile ugonjwa ya macho yenye kupita mu kartie yetu ya Naviundu," alisema Mama Marceline. "Umushike, niende kuleta ile dawa ya macho ya baba yako."

Dawa ile ilikuwa imefunguliwa tangu mwaka jana, na iliandikiwa mtu mzima. Abigaïl alimkumbatia mdogo wake. Akisema, atachapwa. Asiposema, je? Mama akarudi, akafungua kichupa, akainamisha kichwa cha mtoto.

"Mama, usimutie," alisema Abigaïl. "Aiko ugonjwa. Ni pilipili. Niliosha mikono mu ile mayi."

Mama alimtazama mara moja tu, akaweka kichupa chini.

"Leta mayi ya mu bidon, ile safi. Mbio."

Walimlaza Kiki kiubavu, wakammiminia maji machoni polepole, hadi maji ya dumu hilo yakakaribia kwisha. Kilio kikapungua, kikawa kwikwi. Mwishowe akafumbua macho, mekundu sana, akamtafuta dada yake. Abigaïl akalia kwa aibu na kwa furaha pamoja.

Mama alimwaga beseni, kisha akavishika viganja vya binti yake, akavipaka mafuta ya kupikia, akavisugua kwa sabuni.

"Pilipili aiogope mayi," alisema. "Mafuta kwanza, kisha sabuni. Na siku ingine uvae sashé ya plastiki ku mikono."

"Ndiyo, mama. Unisamehe."

"Nimekusamehe. Lakini usikie, Abi. Pilipili ya ku mikono tunaosha, inaisha. Kama ungenyamaza, ni mikono yangu miye mama yake, na ile dawa, njo ingemuharibia mutoto macho."