Msichana Aliyewangoja Vijana wa Kirimiri

Sauti iliyotoka bafuni haikuwa ya mume wake.

Wambeti alikuwa barazani akichambua ndengu, saa nane mchana, jua la Siakago likiwa limewafukuza hata kuku. Muchangi alikuwa anaoga huku akiimba, na hilo halikuwa jambo geni. Lakini aliyekuwa akiimba mle ndani alikuwa mvulana. Sauti nyembamba, safi, ilipanda mahali ambapo Muchangi, karani wa ofisi ya mifugo, mwenye miaka thelathini na miwili na kifua kilichochoka kwa sigara, asingefika hata kwa ngazi.

"Baba Karimi?" aliita.

Wimbo ukakatika. "Unasemaje?" likajibu lile koo zito alilolizoea.

Wambeti alishusha pumzi. Sauti ile aliijua. Kila mwanamke wa umri wake, kutoka Embu hadi Maua, aliijua. Miaka ya sabini kulikuwa na wavulana watano waliojiita Vijana wa Kirimiri, mashati meupe na tai nyekundu, wakiimba na kucheza hatua zilizolingana: mbili kulia, moja kushoto, kisigino. Wasichana walizimia. Mdogo wao kuliko wote, aliyepewa beti za juu, alikuwa Muchangi. Halafu mwaka wa sabini na tisa sauti yake ikavunjika, na kundi likavunjika nayo.

Sasa ulikuwa mwaka wa tisini na sita na watu walikuwa wamewakumbuka tena. Akina mama wazima walimsimamisha Muchangi sokoni wakitaka tu kumshika mkono. Hatimaye Ndwiga, aliyekuwa mwimbaji wa sauti ya chini, akawakusanya wote watano: wangeimba tena, mara moja, Embu mjini, siku inayofuata Krismasi.

Tangu mazoezi yaanze, nyumba ilikuwa na harufu. Harufu ya kiberiti kilichozimwa sasa hivi, na chini yake poda, kama nguo za sherehe zilizofungiwa sandukuni. Wambeti alifua mapazia. Harufu ikabaki. Mchana, nyumba ikiwa tupu, alisikia viatu vyepesi kwenye saruji ya sebuleni: mbili kulia, moja kushoto, kisigino. Akiingia, hakuna mtu.

Kisha Muchangi akaanza kusahau.

Kwanza alisahau njia ya ofisini. Halafu akaiona picha ya harusi yao ukutani, akaitazama kwa muda mrefu, akauliza kwa adabu, "Hawa ni watu wa nani?" Jioni moja binti yao Karimi, mwenye miaka sita, alimkimbilia mlangoni, naye akamkwepa kama mtu anayekwepa mtoto wa jirani. Na kadiri alivyosahau ndivyo sauti ilivyozidi kuwa nyembamba.

Jumamosi Wambeti aliamua kumfuata mazoezini, nyumbani kwa Ndwiga, mtaa wa Dallas, Embu mjini. Wanaume watano wenye vitambi walikuwa wakiruka uani na kucheka. Chini ya dirisha aliketi msichana wa miaka kumi na minne hivi, gauni la manjano, miguu pamoja, akipiga makofi yasiyotoa sauti. Hakumwangalia mtu mwingine ila Muchangi.

"Ndwiga," Wambeti alinong'ona, "yule msichana ni wako?"

Ndwiga aligeuka. Uso wake ulibadilika rangi. "Unamwona?"

"Si ameketi pale."

"Njoo huku. Usimwangalie." Alimvuta hadi jikoni na kufunga mlango. "Hawa wengine hawamwoni. Mimi ndiye nilidhani nimerukwa na akili. Tulimkuta kwanza Mombasa, kwenye onyesho, sabini na nane. Tukienda Nakuru, yuko. Tukienda Nyeri, yuko. Gauni ni hilo hilo, kiti cha mbele, na walio karibu naye wanahama bila kujua kwa nini. Unakumbuka ule wimbo, *Ningoje Hapo*? Ningoje hapo, sitabadilika?"

"Nani hajui huo wimbo?"

"Siku ile ya Mombasa Muchangi alimwimbia yeye. Alimnyooshea kidole akamwambia mbele ya watu, ningoje. Ilikuwa mchezo tu, mama. Tulikuwa watoto."

Wambeti alimwendea katekista Muriithi, akaja akaomba, akanyunyiza maji, na usiku huo hata harufu haikupungua. Ndipo alipomeza aibu yake na kwenda Majengo, kwa Maalim Ishmael, mzee mshonaji aliyesifika kwa kusomea wagonjwa wa namna hiyo. Mzee alimsikiliza bila kuacha kushona.

"Ameambiwa angoje, amengoja," alisema. "Kwao majini, miaka kumi na minane ni asubuhi na jioni. Mimi nitasoma, mwanangu, lakini ahadi haifutwi na mimi. Aliyeiweka aikane. Kwa sauti yake ya utu uzima, na mbele ya watu, kama alivyoiweka. Na ujue kwamba hataondoka mikono mitupu."

"Atachukua nini?"

"Kile alichokipenda tangu mwanzo."

Asubuhi ya siku ya onyesho Wambeti alimkuta Muchangi ameketi kitandani, shati jeupe, tai nyekundu, magoti pamoja. Alipomwona alisimama haraka, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama," alisema kwa ile sauti ya mtoto. "Ndwiga amefika?"

Wambeti alitoka nje akalia nyuma ya ghala, kisha akanawa uso akaenda naye.

Ukumbi ulifurika kabla ya saa tisa. Wanawake wa miaka thelathini na zaidi walivaa tai nyekundu juu ya magauni ya kanisani, wakasukumana kama wasichana, na Muchangi alipofungua kinywa, ikatoka sauti ile ile, haijapungua hata uzi, wakapiga mayowe, wakakumbatiana, wakalia machozi ya furaha, kwa maana walikuwa wamerudishiwa ujana wao mzima mzima na hakuna aliyejiuliza umetoka wapi. Katika ukumbi huo uliojaa hadi madirishani, viti vitatu tu vya mbele vilikuwa na nafasi, na katika kile cha katikati aliketi yule wa gauni la manjano, akitabasamu, midomo yake ikienda sawasawa na midomo ya Muchangi, hata Wambeti, aliyekuwa amesimama kando ya jukwaa akisikia kisomo cha Maalim Ishmael kikizama katika kelele za watu, hakuweza tena kusema ni nani kati ya hao wawili aliyekuwa akiimba na ni nani aliyekuwa akiimbishwa.

Ulipoanza *Ningoje Hapo*, Wambeti alipanda jukwaani.

"Mtoeni huyo mwanamke!" watu walipiga kelele.

Alimshika mume wake mkono. Ulikuwa baridi kama chuma cha alfajiri.

"Nisikilize," alisema karibu na sikio lake. "Themanini na saba ulikuja kwa baba yangu, kule Kanyuambora, umeazima koti, mikono imefika hapa. Ulimwaga uji kwa hofu. Karimi alizaliwa akitanguliza miguu, ukalia kuliko mimi. Mwezi wa nane ulimzika mama yako, ukaacha kuimba wiki nzima. Wewe si mtoto. Wewe ni Baba Karimi."

Muchangi aliendelea kuimba, macho yakiwa matupu. Kisha kwenye noti ya juu kitu kikakwaruza kooni mwake.

"Mama... Karimi?"

Sauti nzito, mbovu, ya sigara. Watu wakazomea. Wambeti hakupata kusikia sauti tamu kama hiyo maishani.

"Mwambie asingoje," alisema.

Muchangi aligeukia kiti cha mbele. Sasa naye alimwona. "Usiningoje," alisema kwa shida. "Nimebadilika. Nina mke. Nina mtoto. Nenda."

Msichana aliinuka polepole. Hakukasirika, alimtazama kama mtu anayemtazama mgeni. Akafungua kinywa, na ubeti wa mwisho ukatoka kwake, kwa sauti ya yule mvulana, hadi neno la mwisho. Akatembea katikati ya umati, watu wakimpisha bila kugeuka, akampita Maalim Ishmael mlangoni, akaingia katika jua la alasiri. Ukumbi mzima ulisimama ukapiga makofi. Walidhani aliyemaliza wimbo ni Muchangi.

Alipona. Alirudi ofisini, na Karimi akapata tena bega la kupanda.

Wiki ya Pasaka redio ilipiga *Ningoje Hapo*. Ndwiga aliimba chini, wale watatu wakaitikia, na ilipofika zamu ya beti za juu, gitaa likabaki peke yake. Watu wa redio waliomba radhi kwamba kanda imeharibika. Lakini ya Ndwiga ilikuwa hivyo hivyo, na za madukani Runyenjes, na zile ambazo akina mama walizifungia makabatini tangu wakiwa wasichana.

Muchangi aliacha kula, akasikiliza kwa makini. Hakuukumbuka wimbo ule, wala jukwaa, wala kijana yeyote aliyevaa tai nyekundu.

"Wimbo mzuri," alisema. "Lakini hapo si kulikuwa na mtu wa kuimba? Nani huyo?"

Wambeti alimwongezea mchuzi.

"Sijui," alisema.