Siti ya Mgonjwa

Ndugu zangu, pikapu ninayotaka kuwasimulia wengi wenu mmeipanda, na wengine mliipanda mkiwa hamjitambui kwa homa. Kwa hiyo msinisikilize kama watu wa mbali.

Ilikuwa asubuhi ya Agosti, kijijini si mbali na Kitangari. Mikorosho ilikuwa imechanua. Bibi Ida alikuwa barazani akichambua choroko, na mkwewe Paulina, mwenye mimba ya miezi mitano, alikuwa akimsuka binti yake Witness. Uani ilisimama pikapu aliyoiacha marehemu Mzee Gideoni, mume wa Bibi Ida. Ilikuwa kuukuu, dashibodi imepasuka kwa jua na siti zimechanika mpaka sponji linachungulia, lakini injini ilikuwa inaitika kila ukiiwasha.

Mzee Gideoni alikuwa na sheria moja tu juu ya gari lile: siti ya mbele kushoto ni ya mgonjwa. Hata kama ameketi diwani, akitokea mgonjwa njiani, diwani anashuka na kuhamia nyuma kwenye bodi pamoja na magunia ya korosho. Siti ile ilibeba walioumwa na nyoka na akina mama wenye uchungu. Bibi Ida mwenyewe alipelekwa juu ya siti hiyohiyo kwenda kumzaa Ambrosi, mwanawe wa pekee, ambaye sasa ndiye aliyekuwa mwenye gari na mume wa Paulina.

Basi siku hiyo Ambrosi aliondoka nayo, na jioni akarudi kutoka Masasi uso umemshuka.

"Kuna nini, Baba Witness?" Paulina alimuuliza.

"Nimempa mtu lifti pale mjini. Kafungua mlango, kachungulia, kasema, 'Kaka, hili ni gari au banda la kuku?' Watu wote wakacheka."

Paulina naye akacheka kidogo, akidhani ni utani. Haukuwa utani kwa Ambrosi. Kesho yake akaipeleka pikapu Masasi kwa Yunusi, fundi wa kushona siti za magari.

Yunusi alikuwa mtu mkweli. "Ngozi rangi ya maziwa, kwa vumbi la huko kwenu?" alimwambia. "Chukua nyeusi, kaka yangu."

"Nataka ya maziwa," Ambrosi alisema. "Dashibodi mpya, kapeti mpya. Na darini nijazie sponji nene, ukifunga vioo usisikie kelele za barabarani."

"Sponji nene hivyo? Walioko nyuma wakigonga hutawasikia."

"Ndiyo raha yenyewe. Wanagonga mno wale."

Nyote mnajua namna yetu. Aliyepanda kwenye bodi akitaka kushuka, akidondosha mzigo, akizidiwa, hugonga paa la kebini kwa kiganja, na dereva husimama. Hiyo ndiyo kengele yetu, na Ambrosi aliikata kwa hiari yake.

Alirudi na gari likimeremeta ndani kama chumba cha bibi harusi. Tusimnyime sifa yake, lilipendeza! Alilipia pia pazia jeusi la kioo cha nyuma. Nailoni za siti hakuzibandua, na aliyetaka kupanda mbele alivua kandambili kwanza. Wiki haikuisha, mzee Bwanali akaja na kidonda cha mguu kinachovuja, apelekwe kusafishwa. Ambrosi akamwelekeza nyuma. Mzee wa watu akapanda kwa taabu.

Jioni Bibi Ida alimwita mwanawe.

"Ambrosi, baba yako hakuwahi kumuuliza mgonjwa kama anatoka damu au usaha."

"Mama, zile zilikuwa siti mbovu. Hizi nimezigharamia."

"Nawe ulikuja na damu yako, mwanangu. Tuliifuta kwa maji."

Ambrosi aliona mama yake amezeeka na haelewi mambo ya sasa.

Desemba ilipoingia, mchana mmoja wenye mawingu mazito, chupa ya Paulina ilipasuka. Alitoka ndani akijishika ukuta, kanga imelowa, akaenda moja kwa moja kwenye mlango wa mbele kushoto. Mkono wake ulikuwa tayari umeshika kitasa.

"Mama Witness, ngoja kwanza," Ambrosi alisema. "Nimekuwekea godoro nyuma. Huko utajinyoosha vizuri, na mama atakushika."

Paulina alitazama siti, akamtazama mumewe. Alikuwa ameelewa.

"Sawa, Baba Witness," alisema.

Alipandishwa kwenye bodi. Bibi Ida akakaa kando yake, turubai likafungwa juu yao, na Ambrosi akafunga vioo akashika njia ya hospitali.

Mvua ya kwanza iliwakuta katikati ya safari, mvua ya upepo. Ndani ya kebini ilisikika kama mtu anayepepeta mpunga nyumba ya pili. Ambrosi alikuwa na hofu, tusimsingizie. Alimpenda mkewe na alikuwa akimwomba Mungu huku akikanyaga mafuta. Alikwepa mashimo kadiri alivyoweza. Hakusikia chochote kutoka nyuma, akajiambia kimya kile ni heri.

Alipozima injini mbele ya hospitali na kufungua mlango, turubai halikuwapo. Lilikuwa limepeperuka zamani. Paulina alikuwa amelala kwenye godoro lililojaa maji, macho wazi. Bibi Ida alikuwa amekumbatia kitu kidogo ndani ya kanga yake, amekiinamia kwa kifua chote ili mvua isikifikie.

"Nimegonga, mwanangu," alisema. "Nimegonga mpaka mkono umevimba. Alilia mara mbili. Ulikuwa na nafasi huko mbele, palikuwa pakavu. Nimegonga."

Alikuwa mtoto wa kiume. Wauguzi walimpokea mbio, wakahangaika naye, kisha wakamrudisha akiwa amefunikwa uso. Kama angepona iwapo gari lingesimama, hakuna ajuaye, na Ambrosi hatajua mpaka anaingia kaburini. Wahenga walisema msiba wa kujitakia hauna kilio, lakini yeye alilia pale kwenye baraza ya hospitali mpaka watu wasiojua kisa wakamwonea huruma.

Paulina alipopata nguvu alimchukua Witness, akaenda kwa wazazi wake Lulindi. Hakugombana na mtu. Miezi miwili baadaye Ambrosi alimfuata, akapiga magoti mbele ya wakwe zake, akasema yote bila kujitetea. Wazee waliongea na binti yao, naye akakubali kurudi.

Ambrosi alitangulia mbio kwenye gari. Nailoni alikuwa amezichana zote, na dari ameing'oa kwa mikono yake, mabati yakabaki wazi na mabaki ya gundi. Akafungua mlango wa mbele kushoto.

"Ingia, mke wangu. Siti hii ni yako."

Paulina alimketisha Witness pale mbele, akamfunga mkanda, akafunga mlango taratibu. Kisha akazunguka, akakanyaga tairi, akapanda kwenye bodi.

"Mama Witness, tafadhali," Ambrosi alisema.

"Nitakaa huku," Paulina alisema. "Mwanangu alikaa huku."

Ambrosi aliendesha polepole kupandisha uwanda wa juu kurudi kijijini, vioo vyote wazi, vumbi likiingia kwenye siti zile rangi ya maziwa. Njia nzima alitega sikio apate kusikia kiganja cha mkewe juu ya paa. Paulina hakugonga.

FUNZO

Ndugu zangu, kupamba chombo si dhambi, na gari chakavu si sifa. Lakini chombo tumepewa kitubebe na damu zetu na matope yetu. Siku utakayomwogopa mgonjwa kwa sababu ya siti, jua siti imeshakuwa bwana wako. Damu hufutika kwenye ngozi kwa maji na kitambaa. Uchungu wa mke uliyemwambia "panda nyuma" haufutiki kwa magoti wala machozi. Wewe mwenye usukani, fungua kioo usikilize: nyuma yako kuna mtu anagonga.