Tanuri Alilolijenga Chome

Ngumi ya kwanza ilirushwa kwa sababu ya iliki.

Ilikuwa Jumamosi saa tatu asubuhi, na soko la Ukunda lilikuwa limefurika watu. Jumwa Nzai, leso ya manjano kiunoni juu ya dera la bluu, alikuwa akiuza mahamri, mbaazi na mkate wa mayai kwenye meza yake karibu na wauza nyanya. Fundi bomba mmoja aliyeingia pwani wiki ile kutoka bara aliagiza mandazi. Akapewa mahamri. Akauma, akatafuna mara mbili, akatema chini.

"Umeweka sabuni ndani?" aliuliza.

"Ni iliki na tui la nazi, kaka. Na hayo si mandazi, ni mahamri."

"Kwetu hatuli manukato."

Mchukuzi wa mizigo aliyekuwa akinywa chai pembeni alimwambia aokote alichotema. Fundi akamjibu aokote yeye, tena kwa ulimi. Ngumi ikatua mdomoni mwa fundi, jino likatoka, na kabla Jumwa hajainuka palikuwa na watu sita wanaopigana bila kujua ugomvi ulianzia wapi. Mmoja alitupwa juu ya meza. Meza ikaligonga jiko, na karai la mafuta yanayochemka likainama kumwelekea Jumwa.

Kijana mmoja mrefu aliachilia kikapu chake cha nyanya, akaruka, akalipiga karai teke likaangukia upande wa pili. Mafuta yakamrukia mkono wa kushoto, kuanzia kiwiko hadi kiganja. Hakupiga kelele. Aliketi tu mchangani akiutazama mkono wake unavyobadilika rangi.

Jumwa alivuta ndoo ya maji ya kunywa, akapiga magoti, akaanza kumwagia jagi baada ya jagi. Juu ya vichwa vyao watu waliendelea kupigana.

"Waitwa nani?" aliuliza Jumwa.

"Jethro. Na wewe? Angalau nijue nimeungua kwa ajili ya nani."

"Jumwa. Usiutazame mkono. Nitazame mimi."

"Hapo umenipa kazi rahisi," alisema Jethro, meno yameumana kwa maumivu.

Jethro alikuwa mtu wa Vihiga, mpishi wa pizza katika mkahawa mmoja wa Diani. Siku ya tatu alirudi sokoni, bendeji mkononi, shati jeupe limepigwa pasi mpaka kola inasimama. Jumwa alimtengenezea mkate wa mayai: akatandaza unga mwembamba kama karatasi, akaujaza nyama ya kusaga na yai, akaukunja pembe nne, akaukaanga.

"Manze, hii ni pizza," alisema Jethro, mdomo umejaa. "Mmeikunja tu."

"Pizza ndiyo mkate wa mayai. Ila aliyeupika alichoka kabla ya kuufunga."

Jethro alicheka hadi akapaliwa. Tangu siku hiyo, kila jioni simu ya Jumwa ililia.

"Umekula nini, mahabuba?"

"Wari na mboga ya mchunga."

"Wali na nini?"

"Wari, Jethro. Ninyi mwauita ugali, Waswahili wausema sima, sisi Waduruma twauita wari."

"Kwa hivyo nikija kwenu nikiambiwa kuna wari, nisitarajie mchele."

"Na mchele ukishapikwa ni wali, usiuite mchele. Utanitia aibu mbele ya watu."

"Watu gani? Kwani nimeshaalikwa?"

"Jumapili, saa saba mchana. Kaka yangu atakuwepo. Yeye ndiye aliyenilea, laazizi. Umwamkie vizuri."

Kaka yake aliitwa Chome. Alikuwa na bucha Msambweni, mabega mapana, maneno machache, na hasira ambayo majirani walikuwa wamejifunza kuipisha njia. Kabla ya bucha alikuwa ameoka mikate Diani kwa miaka tisa, lakini habari hizo hazikuzungumzwa nyumbani kwao, na Jumwa hakumwambia Jethro.

Jumapili Jethro alifika na suruali ya kaki, shati la rangi ya damu ya mzee, na boksi la pizza aliyoioka mwenyewe asubuhi ile. Jumwa alikuwa ametoka mara moja kwenda dukani kununua ndimu. Chome alikuwa mezani akikata nyama ya mbuzi.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Karibu ukae."

Chome alifungua boksi. Aliinua kipande, akakigeuza, akautazama weusi wa chini yake kwa muda mrefu.

"Hii imeokwa kwenye tanuri la matofali," alisema.

"Ndiyo. Liko nyuma ya mkahawa, lina mlango wa chuma wa nusu duara. Ni tanuri poa sana." Jethro alifurahi kupata la kuongea. "Wanasema aliyelijenga alikuwa mtu wa fujo. Eti alimrushia mpishi mkuu sufuria, wakamtimua mbio na aproni yake. Mpaka leo jikoni wanaigiza alivyokimbia."

"Aliambiwa mkate wa mofa ni chakula cha watumishi," alisema Chome taratibu. "Aliambiwa wageni hawapandi ndege kuja kula mtama. Akaambiwa ajifunze pizza au aende. Na hakukimbia. Alitembea."

"Wewe umejuaje?"

Chome alizunguka meza kisu kikiwa mkononi.

Jethro aliona macho yake, akaruka nyuma. Kisu kilipasua boksi, kikakata hewa karibu na tumbo lake, kikarudi tena. Kiti kilianguka. Mgongo wa Jethro uligonga kinu pembeni mwa ukuta, mkono wake ukaukuta mchi, na kisu kiliposhuka mara ya tatu alipiga kifundo cha mkono wa Chome kwa nguvu zake zote. Kisu kiliruka nje kupitia dirishani, kikapotea kwenye mihogo. Chome aliinama, ameushika mkono wake. Hapo Jethro aliinua mchi tena. Pigo la pili halikuwa la lazima, na alijua hivyo mchi ukiwa bado hewani, lakini hakuuzuia. Ulimpata Chome juu ya sikio.

Jumwa alipoingia na ndimu zake, kaka yake alikuwa sakafuni, damu ikimtiririka shingoni, na mpenzi wake amesimama juu yake na mchi.

"Nimemkaribisha chakula," alisema Chome kwa shida. "Akanipiga."

"Alikuwa na kisu, Jumwa. Nakuapia."

"Kisu kiko wapi?"

Jethro alionyesha dirisha, lakini Jumwa alikuwa ameshapiga magoti damuni, amekishika kichwa cha kaka yake kwa mikono miwili.

"Toka," alisema bila kumtazama.

Chome alishonwa nyuzi kumi na saba katika hospitali ya Msambweni. Jumwa alikaa naye hadi akalala, kisha akaenda kuandikisha taarifa kwa askari. Alisema alichokiona. Kesho yake Jethro alikamatwa mbele ya tanuri, unga ukiwa bado mikononi. Huko mahabusu wenzake walipouliza kosa lake na kusikia ametaka kumuua mwenyeji, walimzunguka wanne na kumvunja ubavu mmoja. Usiku alilala ameketi, maana kulala chali hakuweza.

Siku ya pili aliazima simu.

"Usinipigie," alisema Jumwa mara aliposikia sauti yake.

"Tafuta kwenye mihogo."

"Nimekuambia usinipigie."

"Chini ya dirisha, Jumwa. Tafuta tu."

Jumwa alikata simu. Kwa siku sita alipita kando ya mihogo ile akienda kuchota maji, na kila mara aligeuza uso upande mwingine. Siku ya saba Chome aliruhusiwa kurudi nyumbani. Siku ya nane asubuhi Jumwa aliingia kwenye mihogo, akainama, akapekua majani hadi mikono yake ikakwaruzwa na matawi. Kisu kilikuwa kimechomeka udongoni hadi mpinini. Mpini ulikuwa umezungushiwa mpira wa baiskeli, kama visu vyote vya bucha la Chome.

Alikiweka mezani mbele ya kaka yake.

"Hiki ni chako."

"Kitakuwa kilianguka."

"Kilianguka kupitia dirishani? Kaka, usinifanye mtoto. Ulitaka kumuua mgeni wangu, halafu ukaniacha mimi nikamshtaki."

Kofi lilimpata kabla hajamaliza. Lilimrusha hadi mlangoni, mdomo ukapasuka. Chome hakuwa amewahi kumpiga, hata siku moja. Walitazamana, kila mmoja kama haamini.

Jumwa alijifuta damu kwa leso.

"Baba alipokuwa akimpiga mama," alisema, "wewe ulinivuta chini ya kitanda ukaniziba masikio. Ulikuwa na miaka kumi. Ulikuwa ukitetemeka kuliko mimi. Leo nani atanivuta mimi, kaka Chome?"

Chome aliutazama mkono wake kana kwamba umeletwa na mtu mwingine. Aliketi.

"Lile tanuri nililijenga mimi," alisema. "Kila tofali. Halafu mtu anatoka mbali huko, anaketi kwangu, ananisimulia mimi mwenyewe kama kichekesho."

"Hakujua kuwa ni wewe."

"Najua hakujua. Nilijua hata nilipokishika kisu."

Jumwa alikifunga kisu kwa gazeti, akavaa viatu, akashika njia ya kituo cha polisi. Alipogeuka nyuma alimwona Chome anamfuata hatua ishirini nyuma yake, bendeji kichwani, anatazama chini. Hakumngoja wala hakumfukuza. Kituoni Chome aliandikisha kwamba yeye ndiye aliyeanza, na kwamba hamshtaki tena Jethro. Akaambiwa ya kisu yatamrudia, ajiandae kuitwa. Akasema ataitika.

Jethro aliachiliwa. Jumwa alimpigia simu mara kumi na moja bila kujibiwa. Siku ya nne alivaa dera jeusi, akajitanda mtandio, akaenda Diani kupitia mlango wa nyuma wa mkahawa. Jethro alikuwa akichochea kuni, amekonda, anapumua kwa kipimo kwa sababu ya ubavu.

"Ulimwambia askari mimi ni muuaji," alisema bila salamu.

"Nilisema nilichokiona."

"Na nilipokuambia utafute?"

"Siku sita niligeuza uso. Niliogopa kukipata."

"Uliogopa nini? Mimi nilikuwa ndani, Jumwa. Wananipiga kila siku."

"Nilikuwa na kaka mmoja tu. Nilijua nikikiona kile kisu, sitakuwa naye tena kama alivyokuwa."

Jethro aligeuka kumjibu, na ndipo alipouona mdomo wake uliovimba.

"Nani amekufanya hivyo?" Ngumi yake ya kulia ilikuwa imeshajikunja.

"Ifungue kwanza," alisema Jumwa. "Ndipo tuongee."

Ilimchukua muda. Vidole vilifunguka kimoja kimoja. Kisha aliketi kwenye gogo la kuni.

"Kuna jambo sijamwambia mtu," alisema. "Nilipompiga kichwani, kisu kilikuwa kimeshatoka mkononi mwake. Angeweza kukaa chini na mimi ningeweza kuondoka. Nilimpiga kwa sababu nilitaka."

"Najua. Nyuzi kumi na saba hazishonwi kwa pigo la mtu anayejikinga."

"Na bado umekuja?"

"Nimekuja kwa sababu umeniambia mwenyewe. Ungenificha, ningerudi kwetu." Alimkaribia, akamshika mkono wenye kovu la mafuta. "Nakutaka, Jethro. Lakini sikiliza vizuri. Nimezaliwa katika nyumba ya kupigwa, na sitazeekea katika nyingine. Siku utakayoniinulia mkono, kile kisu sitakitafuta kwenye mihogo. Nitakuwa nimekishika."

Jethro aliinamisha kichwa, akalia kimya, kwa uangalifu, maana kulia pia kulimuuma ubavu. Jumwa alisimama mbele yake, akakilaza kichwa cha Jethro tumboni mwake hadi kuni zikaanza kuzimika.

"Unawachelewesha watu, babe," alisema hatimaye. "Wageni wangoja pizza."

Ijumaa iliyofuata, mchana kweupe, Jethro alikwenda Msambweni peke yake. Jumwa alimsihi asiende bila yeye, akakataa. Alimkuta Chome kibarazani. Jumwa alikuwa ndani, amesimama nyuma ya pazia la mlango.

"Shikamoo."

Chome hakuitikia. Alisimama, akashuka ngazi, akasimama karibu naye hadi pumzi zao zikagusana.

"Nipige," alisema. "Hapa hapa, na majirani waone. Tumalizane."

Mishipa ya shingo ya Jethro ilisimama. Jumwa aliona bega lake likirudi nyuma kidogo, akalishika pazia. Kisha bega likatulia.

"Sikuja kupiga. Nilikusema vibaya bila kukujua, na nikakupiga zaidi ya haki yangu. Kwa yote mawili naomba radhi. Nimekuja kumwomba dada yako. Nataka kumwoa."

Chome alirudi nyuma hatua moja. "Umekuja na nani?"

"Peke yangu."

"Basi ondoka. Hapa haposi mtu aliyekuja peke yake kama mwizi. Nenda ukalete wazee wako."

Jethro alitikisa kichwa polepole, akageuka, akashika njia. Alikuwa ameshafika barabara kuu, karibu na wauza samaki, aliposikia miguu mitupu ikikimbia nyuma yake. Ilikuwa Jumwa, mtandio umeanguka mabegani, anahema.

"Waenda wapi?"

"Ameniambia niondoke."

"Amekuambia ukalete wazee, Jethro."

"Ndiyo. Amenifukuza kwa adabu."

Jumwa alimshika uso kwa mikono miwili, mbele ya wauza samaki wote.

"Sikia, mpenzi. Kwetu asiyekutaka hakuulizi umekuja na nani. Amekubali. Amekuambia uje ipasavyo."

Jethro alimkodolea macho. Kisha alitoa simu mfukoni, akakosea namba mara mbili. Iliita sana. Sauti ya mzee ikasikika kutoka Vihiga, na Jethro akaanza kueleza, akaruka mambo, akarudi nyuma, akaeleza tena. Mzee alisikiliza hadi mwisho. Aliuliza swali moja tu: je, huko ni mbali sana?

Jethro alimtazama Jumwa, ambaye mdomo wake ulikuwa bado na alama.

"Ni mbali, baba," alisema. "Njooni tu."