Herufi ya Mwisho ya Ndaga

Kila Jumamosi Lusungu alifagia ua wa nyumba yao pale Mbugani, akaosha vyombo, kisha akapanda kwenye kigoda kupangusa vumbi kwenye meli ya babu. Ilikuwa meli ya mbao, ndefu kama mkono wake, nyeupe juu na bluu chini. Babu Anyelwisye aliichonga kwa vipimo: kila sentimita ya mfano ule ilikuwa mita moja ya meli aliyofanyia kazi ziwani ujanani. Ubavuni, marehemu Bibi Naomi alikuwa ameandika kwa unyoya wa kuku neno moja la Kinyakyusa: NDAGA, yaani asante.

Jumamosi hii Lusungu hakupangusa vumbi. Alikaa jikoni, meli mapajani.

Jana yake shuleni kulikuwa na maonyesho. Kila mwanafunzi wa darasa la sita alitakiwa kupeleka kitu alichokitengeneza mwenyewe. Lusungu alikuwa ameanza kusuka mkeka wa ukindu, akauacha nusu. Kwa kuwa babu alikuwa shambani Mwaya akivuna mpunga, aliichukua meli yake, akabandika stika ya jina LUSUNGU juu ya neno la bibi. Mwalimu Hezroni alimsifu mbele ya wote na kumpa daftari sita mpya.

Na leo jioni babu angerudi.

Lusungu alijaribu kubandua stika kwa kucha, ikagoma. Akakumbuka kwamba utomvu wa fenesi hutoka mikononi kwa mawese. Akapaka mawese. Stika haikusogea, ila rangi nyeupe ilianza kuwa ya chungwa. Kwa hofu akachukua wembe, akakwangua. Kipande kidogo tu cha ncha ya stika kilitoka, na A ya mwisho ya bibi ikatoka nacho; stika iliyobaki ikagoma.

Alikitazama kile kipande. Bibi asingeandika nyingine.

Aliifunga meli kwenye khanga, akakimbilia dukani kwa Bi Mwanaheri, aliyemkatia ile stika.

"Shikamoo, Bi Mwanaheri."

"Marahaba. Nahodha huyo! Mbona macho mekundu?"

"Stika haitoki."

"Itatokaje? Hizo nawakatia vijana wa bodaboda. Mvua yote hii ya Kyela inazinyeshea na hazibanduki. Kwani hulitaki tena jina lako?"

Lusungu aliinamisha kichwa. "Meli si yangu. Ni ya babu. Nilipokuambia nimeitengeneza mimi, nilikudanganya."

Bi Mwanaheri hakumkemea. Aliwaomba wateja wawili wasubiri, akatandika mtandio wake safi mezani, akailaza meli juu yake taratibu kama mtu anayelaza mtoto mchanga. Akamimina maji ya moto kutoka kwenye chupa yake ya chai, akachovya kitambaa, akakikamua na kukiweka juu ya stika.

"Sasa tunasubiri."

"Mpaka lini?"

"Mpaka gundi ilainike. Wewe tangu jana una haraka tu."

Walibadilisha kitambaa mara tatu. Kisha Bi Mwanaheri alimwonyesha namna ya kuikunja stika na kuirudisha nyuma polepole, bila kuivuta kwenda juu. N ikaonekana. D ikafuata. Gundi iliyobaki waliifuta kwa mafuta ya nazi kidogo, wakamalizia kwa maji ya sabuni, na rangi ile ya chungwa ikatoka pia.

"Mawese ni ya mboga, mwanangu. Meli haiungwi," alisema Bi Mwanaheri, na Lusungu akacheka huku analia.

Lakini neno lilisomeka NDAG. Mahali pa A palikuwa mbao tupu.

"Nije nikusaidie kuzungumza na babu?"

"Hapana, Bi. Nitasema mwenyewe."

Babu alirudi na matope miguuni. Kabla hajaketi vizuri, Lusungu aliiweka meli mbele yake, akaeleza yote, hata wembe hakuuficha. Babu alipitisha kidole penye mbao tupu.

"Hii A aliiandika akicheka," alisema. "Nilimtania kwamba imelala upande."

Lusungu alilia kwa kwikwi. Babu aliingia ndani, akarudi na kopo la rangi ya bluu na unyoya wa kuku.

"Andika."

"Mimi? Nitaharibu, babu!"

"Andika A yako. Usiige ya bibi."

Aliandika polepole. Herufi ilikuwa nene, ikaegemea kushoto, haikufanana hata kidogo na zile nne.

"Jumatatu tutakwenda kwa mwalimu," alisema babu. "Wewe utasema na kurudisha daftari, mimi nitasimama karibu yako. Kisha utaumaliza mkeka wako. Sikiliza, mjukuu wangu. Ulipobandika jina lako juu ya kazi ya bibi, kazi haikuwa yako. Ulimfuta tu aliyeifanya. Heshimu kazi ya mtu hata kama hayupo kuitetea. Na kazi yako, hata ikiwa herufi moja iliyopinda, iache ionekane kuwa ni yako. Haya, sasa nisomee."

Lusungu alifuta machozi, akaziangalia herufi nne za bibi na moja ya kwake.

"Ndaga, babu," alisoma.

"Ndaga fijo, asante sana," akaitikia babu.