Alama Tatu za Uma

Kila asubuhi Mahjuba alikanda unga, akatoboa kila mkate mara tatu kwa uma, kisha akaipeleka mikate kwenye tanuri la mtaa. Kila nyumba ilikuwa na alama yake, ili mwokaji asichanganye. Mahjuba alikuwa mjane. Mikate aliyouza sokoni ndiyo iliyomlisha.

Bomba la maji machafu lilipasuka mbele ya tanuri. Baraza la mji halikujali. Mahjuba akapiga picha, akaiweka kwenye ukurasa wa Facebook wa mtaa bila jina lake. Aliandika: "Baraza, mnanusa, au pua zimeziba?" Mtaa mzima ulicheka. Naye alicheka, peke yake jikoni.

Kesho yake akaja mukadamu, mtu wa serikali pale mtaani.

"Bibi Mahjuba, mikate yako imetoka vizuri kwenye picha."

Mahjuba akaitazama tena ile picha. Pembeni ya picha ilionekana mikate yake, na zile alama tatu.

"Kibali chako cha soko kinakwisha mwezi huu, sivyo?" Mukadamu akaenda zake.

Majirani wakaanza kumkwepa. Upweke ulimuuma kuliko vitisho. Akawa anaongea na unga. Unga haujibu, lakini angalau haukimbii.

Ni jirani yake Itto tu, karani mstaafu wa mahakama, aliyebisha hodi.

"Mbona umejifungia kama mwali?"

"Nimejimaliza, shoga yangu."

"Kusema si kosa. Ila picha hukuikagua, na ulisema peke yako. Mtu mmoja wanamtisha. Mtaa mzima watautishaje? Tuandike malalamiko, tutie saini wote. Barazani watugongee muhuri kwenye nakala yetu, wasije wakakana kuyapokea."

"Nani atatia saini? Wote wananikimbia!"

"Wanaogopa. Wewe ulificha jina kwa nini?"

Itto akazunguka nyumba kwa nyumba. Mahjuba alingoja, hakuna aliyekuja kwake.

Kisha asubuhi moja, mukadamu akiwa mlangoni pa tanuri, mwokaji akapiga kelele:

"Nyie wanawake mmerogwa? Mikate yote ina alama tatu! Nitajuaje upi wa nani?"

Mukadamu akatazama ubao mmoja wa mikate hadi mwingine. Kisha akaenda zake.

Malalamiko yalipelekwa na saini za mtaa mzima. Bomba likatengenezwa, na kibali kikatoka.

Lakini siku ile ya alama tatu, kila nyumba ilikula mkate wa nyumba nyingine. Mahjuba alipata mkate uliokosa chumvi. Aliula wote, akilia kwa furaha.